Hana au il? Nilivyozoea namba za Kikorea

Nilipofika Daejeon, Korea Kusini, kwa mwaka wa lugha kabla ya kuanza chuo, tayari nilikuwa naijua moja mpaka nane, tena kwa njia mbili, bila mwenyewe kutambua. Ni taekwondo ya Dar es Salaam iliyonifunza. Mateke tulihesabu hana, dul, set, net, daseot. Lakini poomsae za Taegeuk, yaani mifululizo ya miondoko ya kufanyia mazoezi, tuliziita il jang, i jang, sam jang, mpaka pal jang, ya nane. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kumbe Wakorea wana hesabu mbili, ya kwao wenyewe na iliyotoka Kichina, na zote zinafanya kazi kutwa nzima.

Orodha za kitabuni hazikunikaa kichwani. Nikaamua kila hesabu ibaki na kazi yake. Ninachoweza kukinyooshea kidole, yaani watu, chupa, vikombe, pamoja na umri, ni hesabu ya mateke. Kilichoandikwa kwa tarakimu, kama bei, namba ya basi, ghorofa, simu na tarehe, ni hesabu ya poomsae. Kanuni hii ina matundu, lakini kwa kuanzia inatosha. Jingine ni kwamba baadhi ya namba za mateke hukatwa mkia zikikutana na kitu: hana inakuwa han, dul inakuwa du. Keopi han jan, kahawa kikombe kimoja; keopi du jan, viwili. Hilo nililizoea kwa kuagiza tu, na kahawa yao si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi.

Saa ndiyo iliyonitoa jasho. Ndani ya sentensi moja, saa ni ya mateke na dakika ni za poomsae: 3:30 ni se si samsip bun. Sasa wewe uliyelelewa na saa ya Kiswahili, akilini ni saa tisa na nusu, kwenye simu unaona 3, mdomoni inatakiwa se. Ukipitia Kiswahili, basi limeshaondoka. Nilinunua saa ya ukutani yenye mishale nikawa naisoma kwa sauti kila nikiinua macho: mshale mfupi kwa hana na dul, mrefu kwa il na i. Tafsiri ikaanza kujiondokea yenyewe.

Kwenye fedha, Kiswahili kikanibeba. Wakorea hupanga namba kubwa kwa man, yaani 10,000, na wenzangu waliozoea kuruka kutoka elfu hadi milioni walitaabika. Sisi tuna laki. Laki moja ni sip man, milioni ni baek man, basi. Kodi ya won 350,000 ni samsip-o man. Angalia tu masikio: sip man hutamkwa simman, na 16, inayoandikwa sip-yuk, utaisikia simnyuk.

Miezi ni namba tu na neno wol: irwol Januari, iwol Februari. Ni miwili tu inayokengeuka, Juni ni yuwol na Oktoba ni siwol. Tarehe zilinikaa kupitia historia, maana wao huziita kwa namba: yugio, sita-mbili-tano, ni Vita vya Korea vilivyoanza 25 Juni 1950; o-il-pal, tano-moja-nane, ni harakati za demokrasia za mji wa Gwangju, 18 Mei 1980. Gulio la Yuseong, hapa hapa Daejeon, nalo hufanyika tarehe zinazoishia na 4 na 9, kwa hiyo ukitaka mboga za bei nafuu lazima ujue leo ni tarehe ngapi.

Gulioni ndiko nilikozisikia siku za kienyeji: haru siku moja, iteul mbili, saheul tatu, naheul nne. Saheul ni mtego, kwa sababu sa ni nne kwenye hesabu ya poomsae. Wenyewe unawanasa pia: Julai 2020 serikali ilipotangaza 17 Agosti kuwa siku ya mapumziko na magazeti yakaandika mapumziko ya saheul, watu wengi walikimbilia mtandaoni kulitafuta neno hilo, wengine wakitarajia siku nne. Sasa niko kwenye ire na yeodeure, siku saba na nane. Vijana wengi huzikwepa, wanasema chiril na paril yakaisha, ila bibi muuza kimchi, mboga za kuchachusha, pale gulioni hazungumzi hivyo.