Kuboresha Breki za Eunos Roadster ya Mwaka 1991 Nyumbani

Gari dogo la michezo ambalo Mazda ilizindua mjini Chicago mwaka 1989 linajulikana Ulaya kwa jina la MX-5 na Marekani kwa jina la Miata, lakini kwao Japani liliuzwa kama Eunos Roadster. La kwangu ni Eunos la mwaka 1991 lenye injini ya lita 1.6, lililoingia hapa Uingereza likiwa limeshatumika Japani, na breki zake nimeziboresha mwenyewe nyumbani. Wengi wakisikia habari za kuboresha breki hufikiria kwanza kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) kubwa zilizopakwa rangi nyekundu. Kwa gari jepesi na la zamani kama hili, mimi naamini vifaa bora zaidi ni vile ambavyo Mazda yenyewe ilivitengeneza kwa toleo lililofuata.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari hili pamoja na dereva wake lina uzito unaokaribia tani moja, na kulisimamisha kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa huzalisha joto la takribani kilojuli 390, yaani mara nne ya lile linalotokana na kilomita 50. Ukikanyaga breki mara moja kwa nguvu zote kwenye barabara tambarare, kinachoamua utasimama wapi ni mshiko wa matairi, kwa sababu hata diski ndogo za kiwandani, zikiwa nzima, zinaweza kuyafunga magurudumu ya mbele. Tofauti huonekana pale breki zinapokanyagwa mfululizo bila kupata nafasi ya kupoa. Aliyewahi kuteremka mlima wa Kitonga, Tanzania, nyuma ya lori lililosheheni anaijua harufu ya pedi zilizozidiwa na joto, na huku Cumbria upo mteremko wa Hardknott, wenye sehemu zinazofikia asilimia 33, ambao huzitesa breki vivyo hivyo.

Mwaka 1993 Mazda ilipoingiza injini ya 1.8 katika gari hili, iliongeza pia kipenyo cha diski: za mbele zikatoka milimita 235 hadi 255, na za nyuma kutoka 231 hadi 251. Kinachonifurahisha ni kwamba kalipa za 1.6 hazihitaji kubadilishwa. Unahitaji diski za 1.8, pedi zake, na bereketi zinazoisogeza kalipa nje kidogo ili iikute diski kubwa. Kwa kuwa pistoni zinazosukuma pedi hubaki zilezile, masta silinda (pampu inayoendeshwa na pedali) husukuma kiasi kilekile cha mafuta ya breki na pedali haiongezi urefu wa kushuka, tatizo ambalo huwapata wanaofunga kalipa zenye pistoni kubwa bila kupiga hesabu. Jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni uwiano: mbele na nyuma zimeongezwa kwa pamoja. Anayeongeza mbele peke yake huwaachia matairi ya mbele karibu kazi yote, na katika gari lisilo na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), kama langu, matairi hayo hufunga mapema zaidi mvua inaponyesha.

Kazi yenyewe haina siri kubwa, ila inadai subira. Gari likishakaa juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi kamwe), kalipa ikifunguliwa hufungwa kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa hozi yake. Vumbi la pedi halipulizwi; hulowanishwa na kufutwa, kwani huenda lina asbesto: Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 na gari hili ni la kabla ya hapo. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huacha kutu nene kwenye uso wa habu (kitovu ambacho diski hukalia), na kutu hiyo nimeisugua kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, maana tabaka dogo tu likibaki chini ya diski mpya, diski huzunguka kwa kuyumba na usukani hutetemeka. Bati la kukinga vumbi nyuma ya diski ni dogo kwa diski ya milimita 255, hivyo ukingo wake hukunjwa au kukatwa.

Sehemu ya nyuma ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa pistoni yake imeunganishwa na breki ya mkono na hairudi ndani kwa kusukumwa. Mgongoni mwa kalipa kuna bolti inayofunika tundu, na ndani ya tundu hilo kuna skrubu inayozungushwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 4. Ukizungusha kinyume cha saa, pistoni hurudi. Baada ya kufunga pedi mpya unaizungusha kufuata saa hadi pedi ziibane diski, kisha unairudisha theluthi moja ya mzunguko.

Hozi za mpira za tangu 1991 nimezitoa zote na kuweka zilizosukwa kwa nyaya za chuma, pamoja na mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4. Mafuta haya yakiwa makavu huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani, na kiwango cha chini kinachokubalika yakishalowa ni nyuzi 155. Yakichemka, mvuke huingia katika mfumo na pedali huzama hadi sakafuni, hata kama diski ni kubwa namna gani. Upepo ulioingia katika mfumo nimeutoa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari la usukani wa kulia ni la nyuma kushoto.

Nilipolipeleka tena milimani baada ya kuzizoesha pedi kwa kupunguza mwendo mara kwa mara bila kusimama kabisa, pedali ilibaki imara kutoka kilele hadi bondeni. Anayetaka zaidi anaweza kutafuta diski za mbele za milimita 270 za matoleo ya baadaye, lakini hizo zinadai rimu za inchi 15, ilhali za 1.8 zinaingia vizuri ndani ya rimu za asili za inchi 14, ambazo mimi sina mpango wa kuzivua.