Wote Walisinzia

Jumapili, usiku

Leo imetimia miezi mitatu tangu mama atutoke, na leo ndiyo mara ya kwanza naandika hili: usiku ule nilisinzia.

Ulikuwa usiku wa nne mfululizo. Nilikaa kando ya kitanda chake na kitambaa chenye maji cha kumlowesha midomo, taa nimeipunguza isimchome macho. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Zilikuja tatu, nne, kisha zikatulia, nami nikajikuta nimebana pumzi zangu mpaka yake inayofuata ije. Mara ya mwisho kutazama saa ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Kilichoniamsha ni ukimya. Kitambaa kilikuwa sakafuni, kiganja changu bado kiko juu ya mkono wake, na mkono umeanza kupoa.

Kaka yangu aliyekuwa safarini alipopiga simu asubuhi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Alisema nini mwishoni?" Nikamjibu, "Alikutaja jina." Sijui hata maneno hayo yalinitokaje.

Tangu siku hiyo kuna mstari mmoja ulionifuata kama deni. Ni lile neno Yesu alilowaambia wanafunzi wake waliosinzia kule Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake: "Hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja?" Watu walinipa pole, wakasema heri mimi niliyekuwa naye. Nikawa naitikia kwa kichwa tu.

Mimi nimekua nikisikia habari za kurudi kwa Bwana. Nilipokuwa na miaka tisa mhubiri mmoja alituhubiria unyakuo, siku waamini watakapotwaliwa ghafla kwenda kwa Bwana, kwa sauti ya radi, na wiki hiyo hiyo nikarudi kutoka shule nikakuta nyumba tupu. Mlango uko wazi, redio inaongea peke yake. Nikazunguka chumba kwa chumba nikiita. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, nami nikaenda kujifunga kwenye shuka bichi nikalia kwa kwikwi. Nikamwambia nilidhani mmenyakuliwa mkaniacha. Hakucheka. Alijifuta mikono, akachuchumaa macho yake yakawa sawa na yangu, akasema, "Mwanangu, anayekuja ni yule yule unayesali naye kila usiku. Gizani humwogopi. Mchana utamwogopa kwa nini?"

Ilinichukua miaka mingi kuliishi jibu hilo. Nilipitia kipindi cha kusoma habari za waliopiga hesabu za tarehe. William Miller, mkulima wa Marekani aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti, alifundisha kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. Baadaye wafuasi wake wakaifikia siku moja, 22 Oktoba 1844, naye akaikubali. Maelfu walingoja siku hiyo mpaka usiku ukapita, na kukapambazuka kama kawaida. Miller alifariki mwaka 1849 akiwa bado anamtazamia Bwana. Siwezi kuwabeza watu wale, maana walimpenda kweli. Lakini Yesu alikwisha kulifunga jambo hilo aliposema siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba, na mimi sioni ufa wowote wa kulipitia neno hilo. Wathesalonike nao, waamini wa kwanza wa mji wa Thesalonike, wapo walioacha kazi zao, na mtume Paulo akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Asubuhi hii somo lilikuwa Mathayo 25, mfano wa wanawali kumi waliotoka na taa kumlaki bwana arusi, watano wenye busara na watano wapumbavu. Nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara nimejiuliza niko kundi gani. Leo msomaji alipofika mstari wa tano nilihisi kama mtu amenigusa bega: "Hata bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi."

Wote. Wenye busara nao.

Nimerudi nyumbani nikausoma tena na tena. Bwana arusi hamkemei mtu yeyote kwa kulala. Usiku ulikuwa mrefu, mwili ni mwili. Kelele ilipopigwa usiku wa manane wote kumi waliamka, wote wakatengeneza taa zao. Kilichowatenganisha ni kitu kilichofanyika mapema, kungali na mwanga, pale watano walipokumbuka kubeba mafuta katika vyombo. Mafuta hayo hayakuweza kugawanywa saa ile, na hapo ndipo zamani niliwaona wale watano kuwa wachoyo. Sasa naona haikuwa choyo. Ni vitu ambavyo mtu hawezi kumwazima mwenzake. Siwezi kukuazima msamaha ambao hujaomba.

Nikakumbuka wiki mbili kabla ya usiku ule. Mama alikuwa bado ana nguvu za kuketi. Aliomba apigiwe simu mdogo wake, ambaye walikuwa hawaelewani kwa muda mrefu, wakaongea mlango umefungwa. Simu iliponirudia ilikuwa ya moto kwa jinsi walivyokaa. Jioni ile nami nikapiga magoti kando yake nikamwomba msamaha kwa maneno niliyomtupia mwaka aliohamia kwangu. Akaniwekea mkono kichwani. "Hayo nilishayaachilia," akasema, "ila nimefurahi umeyasema." Kisha akasali, akafunga kama alivyofunga sala zake zote: Maranatha. Bwana wetu, njoo. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa Kiyunani, lakini neno hili aliliacha katika Kiaramu, kama walivyolisali waamini wa kwanza.

Basi saa tisa na dakika kumi nilikuwa nimebakiza nini cha kumwambia? Hakuna. Tulikuwa tumemaliza.

Kuna neno jingine limenikalia leo, kulaki. "Tokeni mwende kumlaki." Hata Paulo, kwa Wathesalonike, anasema tutamlaki Bwana hewani. Neno la Kiyunani alilotumia ndilo Luka analotumia katika Matendo 28, ndugu wa Rumi walipotoka kumlaki Paulo aliyekuwa mfungwa, wengine wakifika hadi Soko la Apio, kilomita zaidi ya 60, wakamsindikiza kuingia mjini. Kulaki ni kumtokea mgeni njiani ili uingie naye. Nikifikiria kurudi kwa Kristo hivyo, ile hofu ya nyumba tupu inakosa mahali pa kukaa.

Na Wathesalonike, waliohuzunika kwa ajili ya wapendwa wao waliolala, waliambiwa waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Kwanza! Mama atakuwa mbele yangu katika msafara ule. Ukurasa unaofuata Paulo anaongeza kwamba Kristo alikufa ili tuishi pamoja naye, tukiwa macho au tukiwa tumelala. Hapo nililia, na kilio hiki hakikuwa kile cha miezi mitatu.

Lakini kuna chombo changu kimoja kiko kikavu, nami nakijua. Kaka anaishi na neno ambalo mama hakulisema. Alilisimulia kanisani siku ya mazishi, mbele ya watu, machozi yakimtoka, nami nimekaa safu ya mbele nimenyamaza. Kila nikisema Maranatha tangu siku ile, ulimi unakuwa mzito kidogo.

Ni saa nne na nusu. Kaka halali mapema. Nitamwambia nilisinzia, na kwamba siku mbili kabla ya hapo mama aliniuliza, "Kaka yako amefika salama?" Hilo alilisema kweli, na mimi kwa aibu yangu nilikuwa sijampa.

Simu inaita.