Mchezaji wa namba 600 anakula nini?

Kuna watu wakisikia mtu ni namba 600 duniani kwa tenisi wanacheka, ati huyo si mchezaji. Hiyo kitu inaniuma sana. Mwanasoka wa 600 kwa ubora duniani yuko kwa ligi kubwa huko Ulaya, ana mshahara na daktari wa timu, lakini wa tenisi hana mshahara kabisa, akiumia mguu mapato yameisha siku hiyo hiyo, na kochi, nauli, hoteli, nyuzi za raketi, zote zinatoka mfukoni mwake ama kwa mzazi.

Mashindano ya chini kabisa ya ITF, lile shirikisho la tenisi duniani, kwa wanaume ni M15, yaani zawadi yote ni dola 15,000 igawanywe kwa kila mtu. Bingwa anaenda na 2,160. Ukitolewa raundi ya kwanza unapata 156, hiyo ni kama shilingi 20,000 kabla ya kodi. Wimbledon 2025 aliyepoteza raundi ya kwanza alilipwa pauni 66,000.

Sasa ongeza kwamba unatoka Nairobi. Mzungu wa namba hiyo hiyo akimaliza mashindano Italia anapanda treni tu anaenda mji wa pili, wetu anatafuta tiketi ya Monastir kule Tunisia ama Antalya, Uturuki, juu huko kuna mashindano karibu kila wiki, so anakaa mwezi mzima ndio nauli irudi kidogo, na akitaka Ulaya yenyewe kwanza apigane na viza.

Niliona mmoja hapa mjini ametoka tu kupoteza raundi ya kwanza, amekaa kando ya korti, soksi zimekuwa nyekundu kwa udongo wa korti, anatoa nyuzi iliyokatika kwa raketi pole pole na simu iko kwa paja, anaangalia bei za ndege. Huo udongo unakula nyuzi vibaya sana. Hakuwa analia wala nini, alikuwa anapiga hesabu.

Na pointi nazo, zile zinazokupa namba duniani, zinatoka baada ya wiki 52. Ukibeba M15 unapata 15, halafu uumie miezi kadhaa, ukirudi umeshuka mpaka huingii tena droo kuu, unaanzia kwalifaing, zile mechi za kutafuta nafasi ya kuingia droo. Wengi wanaachia hapo, na si kwa kukosa kipaji.

Kipaji tunacho bana. Mkenya Paul Wekesa alifika namba 100 duniani mwaka 1995. Angella Okutoyi alishinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akaenda chuo cha Auburn Marekani, na 2024 akabeba dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Njia ya chuo naona ni ya busara sana, unakua kimchezo huku unasoma.

Lakini dawa kubwa kwangu ni mashindano ya nyumbani. Mwenyeji anapewa waildikadi, yaani nafasi ya kuingia hata kama namba yake haitoshi, analala kwao, na huku juu mita 1,700 hewa ni nyepesi, mpira unakimbia kuliko pwani, wageni wanahangaika kuudhibiti na yeye ameuzoea tangu akiwa baliboi, yule wa kuokota mipira. Wiki tatu mfululizo hapa Nairobi zingempa kijana nafasi ya kutafuta pointi bila hata kugusa pasipoti.