Fizi za Tembo

"Shangazi, mbona ukija unamfunua Kifaru mdomo kabla hata hujanisalimia mimi?"

Binti wa kaka yangu hana simile. Baba yake akacheka bila kuinua macho kwenye simu. "Mwulize habari za Tembo," akasema, kisha akainuka akaenda zake. Ndivyo alivyo kaka: huwasha moto akawaachia wengine. Nikabaki na mtoto anayesubiri jibu, na Kifaru, mbwa wangu wa sasa, anayesubiri kufunuliwa mdomo.

Tembo alikuwa mbwa wangu kabla ya huyu, kijibwa mweusi aliyepewa jina kwa dhihaka. Hakuwa mbwa wa kutupwa uani. Kadi yake ya chanjo ilikuwa imejaa, kichaa cha mbwa na nyingine zote, dawa ya minyoo alikuwa akipata, na kila mwezi alidondoshewa dawa ya kupe shingoni. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia mbwa kaugua kwa kupe, huanza kumtazama mwenye mbwa kwa jicho la pembeni.

Alianza kwa kukataa chakula. Sikushtuka, mbwa naye ana siku zake. Kesho yake akakojoa sakafuni, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto, na nilipoinama na kitambaa nikaona mkojo una rangi ya chai iliyokolea isiyo na maziwa. Nikampigia kaka. Safari nzima nilikuwa kiti cha nyuma, mbwa mapajani, tukibishana njia.

Daktari wa mifugo alikuwa mzee wa maneno machache. Alimnyanyua Tembo mdomo wa juu kwa kidole gumba, akambonyeza ufizi juu ya chonge, akaachia. "Tazama hapa." Kwa mbwa mzima, alisema, pale ulipobonyeza hupauka, kisha rangi ya waridi hurudi ndani ya sekunde 2. Fizi za Tembo hazikuwa na waridi wa kurudi. Zilikuwa nyeupe hata kabla ya kuguswa, na pembeni zina umanjano. Joto likasoma zaidi ya 40, na mbwa aliyetulia kwa kawaida hazidi 39.2. Kipimajoto kilipoingizwa nyuma, Tembo hakugeuka hata kutazama nani anamfanyia hivyo. Hilo lilinitisha kuliko namba.

Kisha akashika sikio. Akanyoa manyoya kidogo ukingoni, akachoma, damu ikatoka nyepesi, ya majimaji. Tone moja akaliweka kwenye kioo, akaliburuta kwa ukingo wa kioo cha pili mpaka likawa utando mwembamba, akaupepea ukauke, akautia rangi. Nilimwuliza kwa nini sikioni na si mguuni. Vimishipa vya sikio ni vidogo sana, akasema, chembe za damu zilizovamiwa na vijidudu hukwama humo, ni rahisi kuzipata. Akainamia darubini.

Chumba kikabaki na pumzi za Tembo, fupi fupi. Kaka alikuwa kamshika kichwa kwa mikono miwili. Daktari akasogeza kioo, akasogeza tena. Nilitaka aseme haoni kitu. Papo hapo nilitaka aone, maana kisichoonekana utakitibu na nini?

"Njoo," akasema.

Mwanzoni niliona kope zangu tu. Nikarudisha kichwa nyuma kidogo, na mviringo wote ukajaa chembe, waridi hafifu, zimesukumana. Ndani ya moja, kama alivyonielekeza, palikuwa na vitu viwili vya zambarau, vimenenepa upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, vimekutana kwa ncha zake. Vilikuwa vizuri. Najua si neno la kulisema mbwa wako akiwa amelala pembeni, lakini ndivyo nilivyoona, na nilikaa pale kwenye lenzi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Viwili vile vikishaongezeka hupasua chembe na kutoka kutafuta nyingine, na ule wekundu uliobaki bila nyumba ndio uliokuwa ukipita kwenye figo hadi sakafuni kwangu.

"Babesia," daktari akasema.

Baadaye, nilipopata utulivu wa kusoma, nilijua kwamba jina hilo ni la Victor Babeș, tabibu wa Romania aliyeviona vijidudu hivi katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Miaka 5 baadaye Wamarekani wawili, Theobald Smith na F. L. Kilborne, walitoa ripoti yao iliyothibitisha kwamba homa ya aina hii kwa ng'ombe huletwa na kupe. Siku ile sikuwa na habari za Babeș. Nilikuwa na hoja moja tu.

"Lakini ana dawa shingoni, daktari."

"Dawa hupunguza. Kupe mmoja anatosha, dada."

Akaeleza kwamba mara nyingi kupe hukaa ameng'ang'ania siku mbili hivi kabla ya kupitisha ugonjwa, kwa hiyo mbwa anayekaguliwa kila siku ana nafasi nzuri: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukanda wa shingo, kwenye kinena, chini ya mkia. Kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja. Usimchome moto, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha. Na nyumba nayo itibiwe, kwa kuwa kupe wa mbwa huishi muda mwingi zaidi kwenye nyufa za ukuta kuliko mwilini.

Chembe zikizidi kushuka, akaongeza, atahitaji kuongezewa damu. Kaka akauliza kama mtu anaweza kumtolea. Aliuliza kwa dhati. Daktari akamjibu bila kutabasamu kwamba hapana, ni mbwa tu, tena mkubwa na mzima, na hadi leo kaka hapendi nikihadithia sehemu hii. Hajui kwamba mtoto wake ndiye aliyecheka zaidi.

Damu haikuhitajika. Dripu iliwekwa, sindano ya imidokabu, dawa ya kuua vijidudu vile, ikachomwa msulini, Tembo akapiga ukelele na mate yakamtiririka. Sikuwahi kufurahia kilio cha mbwa kabla ya hapo. Siku zilizofuata nilimbonyeza fizi asubuhi, mchana, na usiku kwa tochi, mpaka akiniona nakuja anageuzia uso ukutani. Waridi ulirudi polepole.

Siku 14 baadaye ilikuwa sindano ya pili. Tembo aliitambua njia, akaketi getini akakataa kabisa, nikambeba. Uzito umepanda, daktari akasema, mkojo uko safi.

"Kwa hiyo amepona?"

"Wengine hubaki na ugonjwa kidogo kwenye damu, kimya. Akichoka sana au akiugua kitu kingine, huweza kuamka. Ukimwona amelegea, mlete."

"Nitajuaje kama amelegea au ana usingizi tu?"

Akavua glavu, akazitupa kwenye pipa.

"Hutajua," akasema. "Mlete hivyo hivyo."