Godzilla Minus One imenikaa moyoni

Jioni hii nimeitazama Godzilla Minus One, filamu ya Kijapani ya mwaka 2023 iliyoongozwa na Takashi Yamazaki.

Hadithi inaanza Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, na mhusika mkuu ni rubani aliyekwepa kujitoa mhanga.

Sehemu ya Ginza, mtaa wa Tokyo, ndiyo iliyonishika: dubwana Godzilla linapofyatua mwale wake na wingu kupanda angani kama lile la Hiroshima, mvua nyeusi inamnyeshea rubani yule, naye anapiga ukelele usio na neno hata moja.

Filamu za mashujaa wa Marekani (nazipenda, sikatai) mara nyingi hubomoa jiji zima bila kutuonyesha anayelilia nyumba yake.

Wenzangu mlioitazama, je, mwisho wake mliuridhia? Mimi bado nabishana nao.