Winga Niliyempa Kibali: Maisha Mengine ya Mrisho Ngassa

Kwenye daftari langu la jalada gumu, winga wa Yanga, Mrisho Ngassa, alisaini West Ham United ya Uingereza Julai 2009, akiwa na miaka 20. Katika maisha tunayoyajua hakusaini. Alikwenda London kufanya majaribio Aprili mwaka huo, Gianfranco Zola akiwa kocha pale, kisha akarudi Jangwani kwa Yanga, na vijiwe vikabaki na swali: angebaki, ingekuwaje?

Swali hilo ninalo tangu nikiwa Temeke. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma nilikuja nalo, na sasa nalibishania kwenye kijiwe cha kahawa Nkuhungu na vijana waliomkuta Ngassa anamalizia mpira wake. Wao wanamjua kwa vipande vya video kwenye simu. Kila nikianza, jibu huwa lilelile. "Kaka, yule mwili mdogo, Uingereza wangemvunja." Mwingine anadakia kwamba wachezaji wetu wakitoka nje wanakumbuka ugali. Siyakubali kabisa maneno hayo. Yanaweka kila kitu kwenye miguu na moyo wa kijana mmoja wa Mwanza, na hayagusi kitu kingine chochote.

Mimi ni mtu wa masjala. Kazi yangu ni kufungua majalada, kuweka folio kwa mpangilio, kutafuta barua ambayo bila hiyo mtu hapandi cheo wala halipwi mafao. Nimeona mtumishi hodari anasubiri miaka kwa sababu karatasi moja haimo. Kwa hiyo nilipoanza kumfuatilia Ngassa niliitafuta karatasi, nikaipata.

Mwaka 2009 mchezaji kutoka nje ya Ulaya hakuingia Ligi Kuu ya Uingereza kwa kupendwa na kocha tu. Alihitaji kibali cha kazi, na kibali kilikuwa na masharti mawili makubwa. La kwanza, awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyotangulia. Hilo Ngassa angelitimiza, maana Taifa Stars, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Márcio Máximo ilikuwa haikai bila yeye. La pili, wastani wa nafasi ya nchi yake kwenye viwango vya FIFA kwa miaka hiyo miwili uwe 70 au bora zaidi. Hapo ndipo mlango ulipo. Tanzania haikuwa karibu na 70.

Sisemi sheria hiyo ndiyo iliyomrudisha. Klabu ina sababu zake za kumchukua mtu au kumwacha. Nasema hata kama wangemtaka, klabu ingelazimika kwenda mbele ya jopo la rufaa na kutetea kwamba kijana huyu ni kipaji cha pekee, ilhali jina la nchi yake halisaidii lolote. Winga wa Brazil au Ghana mwenye mbio zilezile hakutakiwa kujieleza kiasi hicho.

Ukifuata viwango hivyo nyuma zaidi unakuta jambo linaloumiza. Nafasi bora kabisa ambayo Tanzania imewahi kushika ni ya 65, Februari 1995. Ndani ya 70! Ngassa alikuwa na miaka 5. Nafasi mbaya kuliko zote ni ya 175, mwishoni mwa 2005, naye yupo miaka 16, anaanza kuonekana. Yaani kati ya siku aliyojua kupiga mpira ukutani na siku aliyoanza kuitwa winga, nchi iliteremka nafasi 110. Hakuna chenga inayoweza kumpita beki wa namna hiyo.

Kwa hiyo nilipoamua kumwandikia maisha mengine sikuanzia London. Nilianzia 1995. Kwenye daftari langu Stars haiteremki. Inacheza kila dirisha la kimataifa linalofunguka, inakwenda Lusaka, Harare, Kampala, inarudi na sare hapa na ushindi pale. Hakuna muujiza, hatuendi Kombe la Dunia. Tunabaki kwenye sitini na kitu, nchi ya kawaida inayocheza mechi zake. Nimetumia kurasa nyingi kwenye miaka hiyo kuliko kwenye miaka ya Ngassa mwenyewe, na vijana wa kijiweni wananiambia hapo panachosha. Kwangu ndipo penye utamu wote. Kila mechi ya kirafiki niliyoiandika naiona kama siku moja ya kibali chake.

Basi, Julai 2009, kibali kimetoka. Ngassa yuko Upton Park, uwanja wa West Ham wakati huo.

Hapa nimejiwekea sharti: naweza kumhamisha Ngassa, siwezi kuihamisha dunia. West Ham ya 2009/10 ilimaliza ya 17, juu kidogo tu ya shimo la kushuka daraja, na naiacha ya 17. Ngassa anaingia dakika za mwisho, anakimbia, anapotea, anajifunza kwamba beki wa kule hakurukii. Anakusubiri mpaka uguse mara ya pili. Mei 2010 Zola anaondoka kama alivyoondoka kweli. Msimu unaofuata timu inashika mkia na kushuka, baada ya kuongoza 2-0 kwa Wigan na kufungwa 3-2. Nilishawishika kumpa Ngassa bao la tatu siku ile. Nikakataa. Kijana wa miaka 22 haokoi klabu nzima peke yake, na nikimwandikia hivyo nitakuwa nimerudia kosa lilelile la kijiwe, la kumtwisha mtu mmoja kila kitu.

Kushuka daraja kunamfaa. Championship, daraja la pili la Uingereza, ina mechi 46 na viwanja vizito, na hapo ndipo mwili unajengeka. Mei 2012 West Ham wanarudi juu kwa kuifunga Blackpool 2-1 Wembley. Bao la ushindi ni la Ricardo Vaz Tê, dakika ya 87, na linabaki lake. Ngassa yuko benchi, ameshaingia mechi za kutosha kustahili ile shangwe. Kisha Agosti klabu inamnunua Matt Jarvis kutoka Wolves kwa pesa nyingi, winga kwa winga, na mtu wetu anajua maana yake.

Anakwenda Genk, Ubelgiji.

Nimechagua Genk kwa sababu, na anayefuatilia mpira wetu ameshaijua. Genk walichukua Kombe la Ubelgiji 2013, kwa hiyo Ngassa ana medali. Lakini hasa, Januari 2016 Genk walimsajili Mbwana Samatta kutoka TP Mazembe. Kijana mmoja pale Nkuhungu alinishauri nimlete Samatta mapema, 2013, kwamba Wabelgiji wakishamjua Mtanzania mmoja watataka wa pili. Hoja nzuri. Ila Samatta akiondoka mapema hachukui Ligi ya Mabingwa Afrika 2015 na Mazembe, wala tuzo ya mchezaji bora anayecheza Afrika. Siwezi kumnyang'anya mtu vitu alivyovitolea jasho ili hadithi yangu ipendeze. Nikamwacha aje kwa tarehe yake.

Basi Januari 2016, Limburg, mkoa wa Genk, baridi kali, na katika chumba cha kubadilishia nguo kuna Watanzania wawili. Ngassa ana miaka 26, ndiye mwenyeji. Anamwonyesha mdogo wake duka la kupata mchele na maharage. Upande wa pili kuna kijana wa Jamaika, Leon Bailey, ana mbio za kutisha na anaitaka namba. Kiungo yupo Wilfred Ndidi. Ngassa hachezi kila wiki. Lakini siku akicheza upande wa kulia, anajua Samatta anapenda mpira ukatwe nyuma, kuelekea mwanzoni mwa eneo la hatari, si wa juu wa kugombaniwa na mabeki warefu. Anajua kwa sababu wamefanya hivyo Stars. Kurasa hizo nimeandika mechi baada ya mechi, na sioni haya kusema nimezisoma kwa sauti chumbani.

Njia ya Samatta ya kweli ndiyo inayonipa ujasiri kwamba sioti ndoto za bure. Alipokwenda Aston Villa Januari 2020, Tanzania ilikuwa mbali mno na 50, ambayo ndiyo ilikuwa mipaka mipya ya kibali. Ilibidi rekodi yake mwenyewe imbebe: mabao 23 na ubingwa wa Ubelgiji 2018/19, bao Anfield dhidi ya Liverpool. Alipanda ngazi moja moja, Lubumbashi, Genk, Birmingham. Ngassa alitakiwa aruke ngazi zote siku moja, kutoka Jangwani mpaka London.

Maisha mengine yana gharama, na hili watu wa "angebaki" hawalisemi. Akisaini West Ham, hakuna Ngassa wa Azam, mfungaji bora wa ligi. Hakuna Julai 2011 ya Seattle Sounders, alipokuwa majaribioni akaingia kucheza dhidi ya Manchester United. Hakuna 2014, alipofunga mabao 6 Ligi ya Mabingwa Afrika akalingana na wafungaji bora wa mashindano yote, wakati Yanga yenyewe ilitolewa mapema na Al Ahly kwa penalti. Fikiria hilo vizuri: winga wa timu iliyotoka mwanzoni, juu ya orodha ya Afrika nzima. Mechi 100 za Stars na mabao 25, nani anajua zingebaki ngapi akiwa anaruka kutoka Ulaya kila mara akiwa na uchovu na misuli inavuta? Nilikuwa Uwanja wa Taifa Juni 2010 Brazil walipotufunga 5-1, nikiwa nimesimama muda wote, na sikumtazama Kaká, nilimtazama Ngassa. Alikuwa wa kwetu, wa kila wiki. Kwenye daftari anakuja mgeni kutoka London, na nilipoandika ukurasa huo niliona wivu.

Mwisho wa daftari ni Cairo, Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019. Katika maisha ya kweli Ngassa hakuwemo kikosini. Kwangu yumo, miaka 30, mbio zimepungua, akili imeongezeka. Kocha wetu kule alikuwa Emmanuel Amunike, winga wa haki, mchezaji bora wa Afrika 1994, aliyefunga mabao mawili fainali ya AFCON mwaka huo, goti likamkatisha akiwa Barcelona. Nimewakalisha hao wawili pamoja baada ya mazoezi, sikuandika walichozungumza. Dhidi ya Kenya, bao la Simon Msuva la dakika za mwanzo linabaki la Msuva. Tunafungwa 3-2 kama tulivyofungwa. Ngassa anaingia dakika kumi za mwisho.

Kuna ukurasa mmoja wa hesabu ambao napenda kuwaonyesha makocha wa mtaani. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawanywe kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Ngassa wangu akiuzwa pauni 1,000,000, timu aliyokuwa nayo akiwa na miaka 13 inapata pauni 2,500 kwa mwaka huo mmoja. Kwa timu ya watoto hiyo ni mipira, viatu na nauli za msimu mzima. Lakini inapata ikiwa tu mtoto alisajiliwa, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, msimu wake. Timu isiyo na karatasi haipo, hata kama ilimfundisha kila kitu.

Ndiyo maana jioni napita uwanja wa vumbi hapa mtaani. Miezi hii ya kati ya mwaka upepo wa Dodoma unapiga kweli, ukipiga krosi ya juu inaishia barabarani, na mawinga wetu wamejifunza kukata mpira chini bila kuambiwa. Yupo mmoja wa kulia, mwembamba, anaanza mbio kabla beki hajageuka. "Shikamoo anko," kisha hayupo. Kocha wake ana daftari la mahudhurio lenye majina ya utani matupu. Tumekubaliana tulianze upya: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya cheti. Wasio na cheti, mzazi aje na kadi ya kliniki, nitamwelekeza namna ya kujaza fomu za RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa. Nipo pale Jumamosi baada ya mazoezi, chini ya mwarobaini upande wa goli la mashariki. Kadi za watoto wawili ziko kwa bibi yao Mpwapwa, na mama yao amesema atazifuata kabla usajili wa ligi ya vijana haujafungwa.