Nilivyoifanya tovuti ya madalali wa nyumba ilete wateja

Kazi yangu ni kutunza tovuti za madalali wa nyumba. Ofisi moja iliponiita, tovuti yao ilikuwa inatembelewa vizuri tu, lakini simu zilikuwa chache, na wengi waliopiga walikuwa wanaulizia nyumba zilizokwisha kuuzwa.

Nikaanzia hapo. Hakuna kinachomkatisha mteja tamaa kama kupenda nyumba halafu aambiwe ilishakwenda. Tukakubaliana kwamba nyumba ikiuzwa, siku hiyohiyo ukurasa wake unaandikwa "Imeuzwa" kwa herufi kubwa, na chini yake zinawekwa nyumba zinazofanana nayo ambazo bado zipo. Kuufuta sikutaka, kwa sababu watu huendelea kuufikia kupitia Google, na anayekuta ukurasa haupo huondoka zake.

Kisha picha. Zilikuwa zimewekwa kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti kadhaa. Ukizifungua kwa simu, unasubiri mpaka unachoka. Nilizipunguza hadi upana wa pikseli 1,600, nikazihifadhi kwa WebP, muundo wa picha unaozifanya ziwe nyepesi, na zile za chini nikazipanga zisipakiwe mpaka msomaji ashuke kuzifikia. Picha ya juu kabisa haiingii katika mpango huo; hiyo lazima ionekane mara moja. Kipimo changu ni PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google cha kupima kasi ya kurasa: kile kilicho kikubwa zaidi machoni ukurasa unapofunguka, mara nyingi picha hiyo ya juu, kionekane ndani ya sekunde 2.5.

Kazi niliyoipenda zaidi ni ya maneno. Tangazo moja lilisema: "Nyumba nzuri sana, mahali tulivu, wahi!" Nilikaa na dalali aliyeijua nyumba hiyo, nikamwomba anitembeze kwa mdomo kuanzia getini. Tukaandika: vyumba vitatu, kimoja kina choo na bafu ndani, dirisha la jikoni linatazama uani, gari linafika mlangoni hata mvua ikinyesha, ngazi ni nyembamba, kabati kubwa halipiti. Hilo la ngazi alisita. Nilimsihi libaki, maana mteja ataiona ngazi siku ya kwanza tu akifika, na ataanza kujiuliza amefichwa nini kingine. Likabaki.

Fomu ndefu ya mawasiliano niliiondoa, nikaweka kitufe cha WhatsApp kinachofungua ujumbe ambao tayari una jina la nyumba. Taarifa za ofisi kwenye ramani za Google nazo tukazisahihisha, na wanunuzi walioridhika wakaombwa waandike maoni yao hapo.

Matangazo ya kulipia ya Facebook niliyaweka mwisho kwa makusudi. Kila tangazo tulilielekeza kwenye ukurasa wa nyumba yenyewe, si ukurasa wa mwanzo wa tovuti. Aliyebofya alikuta nyumba ileile aliyoiona pichani, bei yake, na kitufe cha kuandika. Na wengi wao, ujumbe wa kwanza kabisa ulikuwa wa kuomba siku ya kwenda kuiangalia.